Ruhusa ya Kuingia Mdomoni

Voi
12 Februari 2025

Kwa Mama Abigael, dadangu wa pekee aliyebaki,

Nakusalimu kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto umelala na haujibu salamu za mtu. Sisi wa hapa hatujambo. Mwanangu Mark yuko na lori lake, leo Malaba kesho Mombasa, nyumbani anapita kama mgeni. Quinter mkewe ni mzima, watoto wanasoma, au wanasema wanasoma. Mbuzi wa Muasya, jirani yetu, amekula kalenda ya kanisa kuanzia Januari mpaka Aprili, kwa hivyo hiyo tarehe hapo juu nimeuliza watu.

Najua unashangaa kuniona kwenye karatasi. Unakumbuka shule niliiacha darasa la sita, nikikimbia, mwalimu akiwa nyuma yangu. Lakini tangu kile kiharusi cha Novemba, ulimi wangu umekuwa kipande cha nyama kilichosahauliwa mdomoni. Nikisema "maji" inatoka sauti ya ng'ombe aliyemeza kamba. Simu basi haina kazi na mimi. Nimebaki na kalamu, na kalamu haipungukiwi pumzi.

Hata kumeza kumekataa. Nakula kama ndovu wa Tsavo, kwa pua. Nimetiwa mpira mwembamba unaoingia puani, unapita kooni, unashuka mpaka tumboni. Quinter anapika uji mwepesi, anauchuja kwa kitambaa safi, anauvuta kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, anaumimina polepole. Kisha maji kidogo ya kuosha mpira. Kisha nakaa wima saa nzima kama askofu anayengoja sadaka ihesabiwe. Kulala baada ya kula ni marufuku. Nikiteleza kwa mto hata kidogo, ananipandisha. Yule mwanamke ana mikono kama ya mchukuzi wa stesheni, na sijui nimshukuru kwa lugha gani maana hata hii moja imenitoroka.

Mwezi wa kwanza nililazwa siku tisa, nimonia. Kifua kidogo tu, kimepita. Usiniulize ilitoka wapi.

Asante kwa maparachichi ya Krismasi. Sikuyaonja, lakini niliyaangalia sana.

Barua nampa Pauline, yule muuza mboga, akipanda huko kuchukua kabeji. Nijibu kwa njia hiyo hiyo.

Kakako,
Gilbert


Mghange
3 Machi 2025

Kaka Gilbert,

Bwana asifiwe. Barua yako imefika ikiwa imelowa nyanya, Pauline aliiweka kwenye kikapu. Neno lako la "mchukuzi" nilidhani ni "mchuzi" mpaka nilipoikausha juani. Nilifurahi kuona mwandiko wako, nikalia kidogo, halafu nikaenda kukamua ng'ombe.

Huku umande ni mwingi, mvua ni kidogo. Maharagwe yametoa maua. Kanisa tumelipaka rangi. Mimi magoti yananisumbua kwa mteremko, lakini kanisani nafika kabla ya kengele.

Sasa kuna jambo. Abigael wangu ana mimba tena. Ni mwezi wa pili. Wale wawili waliotangulia unajua walitoka mwezi wa tano, wote wawili, na daktari hakuona sababu. Jumapili iliyopita watu wa kwetu walikaa hapa, wakaulizana moyo wa nani haujapoa juu ya nyumba hii, maana hasira ya mjomba humfukuza mtoto tumboni. Wakahesabu wajomba. Mjomba amebaki mmoja.

Mimi nilirudi jikoni. Niliosha vikombe.

Lakini nakuomba, kaka, umfanyie kutasa. Unajua inavyofanywa kuliko mimi: kutia kinywaji mdomoni, kupuliza nje, kusema hasira imetoka. Jumatatu ya Pasaka nitashuka na kibuyu kidogo. Usihofu kuhusu koo lako. Hutameza. Ni kutia na kupuliza tu. Mpira uko puani, mdomo uko huru.

Na hiyo nimonia. Watu hapa wanauliza, na mimi nauliza: mtu ambaye hali kwa mdomo anapaliwa na nini? Huyo mke wa Mark anakumiminia vipi? Najua ni mtu wa mbali na hatukumlea sisi. Niambie ukweli.

Dadako,
Priscilla


Voi
19 Machi 2025

Mama Abigael,

Salamu kutoka kwenye joto. Hapa kuku wanataga mayai yaliyochemka. Watoto wamefunga shule kwa siku tatu, walimu wana mkutano, kwa hivyo nyumba imejaa kelele na mimi nimekuwa uwanja wa michezo. Mdogo ananiuliza kama uji unapita karibu na macho.

Nimefurahi kwa habari za Abigael. Nimefurahi kweli, hapo sitanii.

Lakini nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta kama imeandikwa na dadangu. Wewe ni yule Priscilla, mzee wa kanisa, aliyebeba mtungi wangu wa mbangara, pombe yetu ya kienyeji, siku ya matanga ya mke wangu, mama Mark, mbele ya wakwe waliotoka Rukanga na suti zao, akaumwaga wote kwenye migomba? Au ni Priscilla mwingine? Ni miaka saba sasa. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na kikombe mkononi, na kikombe kikabaki mkononi bila kazi. Leo Priscilla huyo anashuka milima na kibuyu, mwenyewe, mchana kweupe. Ukikutana na kasisi njiani utamwambia ni mafuta ya taa?

Sasa nikujibu kuhusu kupaliwa, maana hata mimi sikujua.

Kuna nesi anaitwa Christine, anakuja kila mwezi kubadilisha mpira. Msichana mfupi, mkali, ananiita "kijana". Alinichorea koo kwenye kisanduku cha dawa. Anasema hapo ndani kuna kama mlango mdogo. Ukimeza, unafunga njia ya mapafu. Wangu umelala na kiharusi. Mpira unapeleka uji tumboni, lakini mpira si askari wa mapafu. Mate yangu mwenyewe yanateremka njia mbaya, kidogo kidogo, mchana na nikiwa usingizini, na nikilala chali hata uji unaweza kupanda kutoka tumboni ukaingia huko. Na mate yakiwa machafu, ndio nimonia.

Akanifungua mdomo. Akaufunga haraka.

Akauliza, "Huyu mzee anasafishwa meno na nani?"

Tukaangaliana. Priscilla, tangu Novemba hakuna aliyenipigisha mswaki. Sisi wote tuliona ni upuuzi, asiyekula anaosha nini? Sahani isiyotumika haioshwi. Christine akasema ni kinyume: mdomo unaotafuna unajisafisha wenyewe, usiotafuna unaoza. "Kijana," akasema, "wewe unakula kwa pua na unameza takataka za mdomo."

Basi nani anisafishe? Mark hayupo. Mkono wangu mmoja unatetemeka, nilijaribu nikapiga mswaki kidevu. Quinter akasimama mlangoni anashika leso yake. Kwao Busia mke wa mwana hata kiti cha baba mkwe hakalii, sembuse kushika ulimi wake. Uji wa puani aliweza, kwa sababu pua, anasema, si ndani. Mdomo ni ndani. Alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Nikaona huyu mtoto wa watu ataumia kwa haya, na mimi nitaumia kwa nimonia, na wote wawili tutakuwa na adabu sana.

Nikaomba karatasi. Nikaandika hivi:

"Mimi Gilbert Mwadime, mwenye mdomo huu, nikiwa na akili zangu, namruhusu Quinter, mke wa mwanangu, aingie mdomoni mwangu na mswaki asubuhi na jioni. Asione haya. Asilaumiwe na mtu wa kwao wala wa kwetu."

Nikatia sahihi na dole gumba. Muasya akaitwa awe shahidi. Alisoma mara mbili akauliza, "Na ukimng'ata?" Nikaongeza: "Nikimng'ata ni kosa langu." Quinter akaibandika ukutani juu ya kitanda kwa plasta ya kidonda. Kila asubuhi anaisoma kwanza, kama mtu anayeomba njia, halafu ananigeuza kichwa upande, anasugua kwa mswaki laini wa mtoto, dawa kiasi cha punje ya mchele, anafuta povu na kitambaa ili lisishuke. Leo siku ya ishirini. Sijakohoa.

Njoo Pasaka. Kibuyu nakisubiri. Usimwambie Quinter kilicho ndani.

Na yale mengine uliyouliza, nani ananimiminia vipi, kalamu hii inaonekana inaisha wino.

Gilbert


Mghange
29 Aprili 2025

Kaka,

Salamu. Wote wazima. Abigael anatapika asubuhi, hiyo ni dalili nzuri.

Sitaandika kirefu. Nilishuka Jumatatu ya Pasaka kama tulivyokubaliana, na magoti yangu. Mke wa Mark alinusa kibuyu kabla sijakaa. Akanisimamisha kwenye mlango wa chumba chako, mimi, dadako, nikiwa na kitambaa cha kanisa kichwani. "Mama, hicho hakiingii mdomoni mwake hata tone." Nikamwambia hatameza. Akasema, "Hataweza kuchagua, Mama." Nikamwambia ni kwa ajili ya mtoto. Akasema, "Najua. Hapana." Hivyo tu. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikakutazama wewe. Ulimi huna, sawa. Lakini kalamu ulikuwa nayo mkononi, Gilbert. Niliiona. Ukaangalia dirisha.

Kibuyu nilikiacha hapo mlangoni. Sikutaka kukimwaga. Nilishawahi kumwaga mara moja, na nikaona faida yake.

Sasa sikia. Mimi siamini kwamba mwanamke yule anakulinda. Naamini anakufungia. Ulilazwa mikononi mwake, umekonda mikononi mwake, na sasa anakukataza hata na watu wa damu yako. Nimeongea na vijana wa marehemu kaka yetu. Mwisho wa Juni tutakuja na gari tukupandishe Mghange. Huku kuna hewa na kuna watu wako. Mpira tutajifunza.

Abigael anakaribia mwezi wa nne. Sina la kuongeza.

Priscilla


Voi
10 Juni 2025

Priscilla dadangu,

Sijambo sasa. Wote hapa hawajambo sasa. Barua yako ya Aprili nimeisoma niliporudi, kwa sababu ilipofika sikuwa nyumbani. Nililazwa siku ishirini na nne, na kumi za kwanza nilikuwa na hewa ya mtungi usoni. Hata mdomo wa utani ulifungwa. Quinter alimkataza Mark asikuambie, kwa ajili ya hali ya Abigael. Hilo nalo ni lake.

Ninaandika polepole, mistari minne kwa siku. Nivumilie, maana nina kitu cha kutoa na hakitoki kwa utani. Nimejaribu.

Kibuyu ulichoacha mlangoni, Quinter alikiweka juu ya kabati akingoja Pauline akirudishe kwako. Jumatano ya wiki ile ile ya Pasaka akaenda kusagisha mahindi. Mimi nina mkongojo. Mkongojo una kichwa kilichopinda. Sihitaji kukuambia zaidi, unajua nilivyokuwa na maembe ya Mwalimu.

Nilijiambia ni kwa ajili ya Abigael. Nimejiambia hivyo mara nyingi hospitalini mpaka nikakaribia kuamini. Lakini kwa karatasi nitasema kweli: funda la kwanza lilikuwa langu. La pili ndilo nililipanga liwe la mtoto. Tangu Januari sikuwa nimeonja kitu chochote isipokuwa dawa ya meno. Ilikuwa tamu, Priscilla. Ilikuwa na moshi wa jikoni kwa mama. Nilikaa nayo mdomoni nikafumba macho, nikasema nitaipuliza sasa hivi, ngoja kidogo, ngoja kidogo, na nikiwa bado nangoja, ikaondoka yenyewe. Sikumeza. Iliteremka tu, kama mtu anayetoka mkutanoni kimya kimya. Sikukohoa hata. Christine anasema hiyo ndiyo mbaya zaidi, koo ambalo halikohoi halikuambii limeibiwa.

Funda la pili halikufika. Ijumaa nilikuwa naungua.

Kwa hivyo Quinter alipokuambia sitaweza kuchagua, alikuwa akisema kweli ambayo mimi mwenyewe sikuijua. Na mimi nikaangalia dirisha kwa sababu nilitaka kile kibuyu. Ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka ushinde.

Na si mara ya kwanza. Ile nimonia ya Januari niliyokwambia usiulize, sasa ulizia. Quinter alikuwa kanisani. Kulikuwa na chupa ya chai mezani na andazi moja la watoto. Nilichovya, nikala robo tatu, nikajilaza chali kama mfalme. Alipofika homa ilikuwa imeanza. Kikombe nilikisukuma chini ya kitanda. Alikikuta, kina makombo. Alikiosha. Hakuniuliza, hakumwambia mtu.

Mark alipokuja hospitalini alimfokea mbele ya wagonjwa, kwamba ananimiminia uji kama anayejaza jerikeni. Mimi nilikuwa macho. Nikajifanya nimelala. Quinter alikuwa anapanga mto wangu na akaendelea kuupanga.

Halafu wewe ukauliza kwa barua, na mimi nikakuambia wino unaisha. Wino ulikuwepo. Miezi mitano nimekula kwa mikono yake na kumwacha abebe chai yangu kichwani.

Sasa Mark nimemwambia, kwa karatasi, na ameisoma akaenda kukaa kwa lori saa nzima. Leo nakuambia wewe, na waambie hao vijana wa kaka: wasilete gari. Huyo mwanamke hajamwaga hata tone pasipofaa. Kila baada ya saa tatu anaangalia alama kwenye mpira kama umesogea. Ananiinua, ananisafisha, asubuhi na jioni. Kama niko hai nikuchokoze, ni yeye. Mama yake kule Busia ameumwa tangu Machi na hajamwona, kwa sababu hakuna wa kunishika. Hakuniambia yeye. Ni Muasya.

Sasa Abigael. Nimehesabu kwa vidole, ni mwezi wa tano. Kwa hivyo usingoje nipone wala nife. Maneno ni yangu, mate yatakuwa yako. Chukua mbangara, tia mdomoni mwako, ndiyo, wewe, na kitambaa cha kanisa kichwani au bila, hilo nakuachia na Mungu wako. Mweke Abigael mbele yako. Soma haya kwanza, halafu upulize:

"Mimi Gilbert, mjomba wako, nilikuwa na hasira na mama yako kwa sababu ya mtungi. Nilidhani ni hasira ya pombe. Ilikuwa ya kufiwa, na nilikosa pa kuiweka. Imekaa miaka saba tumboni, tukila pamoja. Leo naitoa. Iende na maji ya mteremko, isipande tena. Mtoto na akae. Na atoke siku yake."

Kwangu mimi imeshatoka, nilipoandika neno la mwisho. Jaribu na wewe.

Gilbert


Mghange
28 Juni 2025

Kaka yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na wa nyumba hii wanakusalimu. Mvua imekuja hatimaye. Vijana wa kaka nimewaambia wakae na gari lao.

Tulifanya Jumapili baada ya ibada, nyuma ya jiko, mimi na Abigael na mumewe Alvin. Nilimwomba Mungu kwanza. Nikasoma maneno yako. Nilipofika pale pa kufiwa nikasimama, Alvin akanishikia karatasi. Kisha nikatia mdomoni.

Nitakuambia kwa sababu hata nikificha Abigael atakuambia. Funda la kwanza nililimeza. Nilishtuka, miaka arobaini sijaonja, ikaniingia. Abigael alicheka mpaka akashika tumbo, nikaogopa zaidi. La pili nililipuliza vizuri, likamlowesha uso na shingo. Akasema ni baridi. Akasema asante Mjomba, akielekea upande wa Voi. Yuko mwezi wa sita karibu, na mtoto anapiga teke.

Sasa la kwangu. Ule mtungi. Hujawahi kuniuliza kwa nini, na mimi nilikuwa na kiburi cha kutosema. Ilikuwa siku ya nne hujala. Mama Mark alipoenda uliacha kula, unakunywa tu, na watu wanakusifu kwamba unawakaribisha wageni. Nilikuona unajimalizia mbele ya suti za watu. Sikumwaga kwa ajili ya kanisa. Niliwaacha mfikiri hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kukuambia naogopa. Nimelisema hilo pia nyuma ya jiko, kabla ya la pili.

Hiki kipande kinachofuata mpe Quinter ajisomee:

Mwanangu Quinter. Nilikuita mtu wa mbali. Nilisema maneno mengine kwa watu, na watu hao nimeanza kuwarudia mmoja mmoja. Ulisimama mlangoni ukaninyima, na kama ungenipa ningekuwa nimemuua kaka yangu kwa mkono wangu nikidhani nambariki mwanangu. Asante. Sina neno lingine, kwa hivyo nitakuja na mikono. Mwezi wa saba nina wiki tatu, maharagwe yameingia ghalani. Nifundishe mpira, na mto, na mswaki. Mimi ni dada yake, kwangu mdomo wake hauna haya, nilimtoa miiba ya samaki akiwa na miaka kumi na miwili. Nikishajua, nenda Busia ukamwone mama yako.

Priscilla


Voi
9 Julai 2025

Mama Abigael,

Umemeza. Nimewaonyesha barua Muasya, Christine, na mbuzi. Mzee mzima wa kanisa. Nitakuwa nikikumbuka hilo kila nikimiminiwa uji, na uji utakuwa na ladha.

Watu wa hapa ni wazima. Mark amepata safari fupi za Mombasa tu, kwa hivyo tunamwona. Ameanza kumwomba mkewe msamaha, ila anaomba kwa kurekebisha vitu: ameziba paa, amepaka mlango rangi, jana ameanza kuchimba shimo ambalo hakuna aliyeliomba. Quinter anamwacha achimbe.

La mtungi nimelisoma peke yangu. Sina utani nalo. Siku nne, hata mimi nilikuwa sijahesabu.

Kile kipande cha Quinter nilimpa ajisomee. Alisoma amesimama. Akakikunja, akatoka nje, akafua nguo zilizokuwa zimefuliwa tayari. Aliporudi ilikuwa saa yangu ya uji. Aliuvuta, akaumimina, akaosha mpira, akaupanga mto. Kisha akauliza:

"Baba, Mama anajua kwamba ukisinzia kichwa kinaanguka upande wa kushoto?"

Nikaandika: hajui.

"Atajua," akasema. "Na anajua kwamba unaiba?"

Nikaandika: hilo anajua.

"Basi nitaficha mandazi kabla sijaondoka."

Ni mara ya kwanza anataja mandazi. Tulicheka. Mimi nikicheka natoa sauti ya pampu, na yeye alishika mdomo na leso, akacheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Christine amenisikiliza kifua juzi pande zote mbili akasema kiko safi. Anasema mwezi wa kumi, nikiwa bado hivi, atanipeleka kwa mtu wa mambo ya kumeza anijaribu na kijiko kimoja cha uji mzito, akiwa ameketi mbele yangu. Kijiko kimoja. Nimekaa nikifikiria nitamwomba ukolezwe nini.

Sasa safari yako. Basi la Quinter ni Jumatano tarehe ishirini na tatu, jioni. Wewe fika Jumapili baada ya ibada, ili upate siku tatu za kufanya mazoezi juu yangu akiwa bado yupo wa kukusahihisha. Atakukaripia. Mimi ananikaripia kila siku na ona nilivyonawiri. Leta sweta la ziada umpe, kule asubuhi kuna baridi na yeye amezoea Voi. Kwa mama yake nimeandika barua yangu mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu, kumwambia mwanawe alifanya nini katika nyumba hii. Nimeiandika mara nne ili isiwe na mzaha.

Na wewe, dadangu, asante. Nikilisema hilo neno kwa ulimi linatoka vibaya, kwa hivyo lisome hapo mara mbili.

Kakako,
Gilbert